Kutu Isiyovutwa na Sumaku

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipate kusema neno juu ya kutu. Najua wasomaji wengi watashangaa, maana kutu ni kitu cha kulalamikiwa: inakula bati, inakula jembe, inakula bawaba za madirisha ya bweni letu. Lakini mimi nina deni na kutu, na deni hilo lilianza nyumbani nilipokuwa darasa la tano.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kanda moja ya kaseti. Mjomba aliirekodi zamani, kabla mimi sijazaliwa, wakati babu yu hai. Ndani yake babu alikuwa akieleza jinsi walivyokuwa wakiteremka kutoka huku juu kwenye uwanda wa Makonde kwenda kutafuta maji bondeni, wakiondoka alfajiri na kurudi jua likiwa la utosi. Katikati ya maneno anasikika akikohoa, jogoo anawika, na bibi mwenyewe anamwambia anywe uji kwanza kabla haujapoa. Babu sikumjua kwa sura. Nilimjua kwa sauti hiyo tu. Bibi aliitunza kanda ile ndani ya kopo la biskuti pamoja na vyeti na picha, na ilipigwa siku maalumu tu, watu wakiwa wamekusanyika.

Mwaka ule redio yetu kubwa iliharibika, nami nikaruhusiwa kuichezea. Nikaifungua spika, nikatoa sumaku yake, ile pete nyeusi nzito. Niliiona ni mali. Kwa kutafuta mahali pa kuificha wadogo zangu wasiione, nikaiweka ndani ya kopo lile lile la biskuti, juu ya kanda. Ilikaa humo miezi mingi.

Siku ya Idi mjomba alikuja na redio kaseti ya kuazima. Kanda ikawekwa. Yakatoka maneno mawili matatu ya babu, kisha sauti ikaanza kuja na kwenda, kama mtu anayesema huku anazungushwa, kisha ikawa mvumo mtupu, kama mvua juu ya bati. Bibi akasema, "Geuzeni upande wa pili." Upande wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Watu wakasema kanda imezeeka. Aliyejua kwamba sumaku imo ndani ya kopo ni mimi peke yangu, wala sikujua kuwa ni kosa.

Nilikuja kujua nikiwa Kidato cha Pili, katika kipindi cha Fizikia, mchana, wenzangu wengine wakisinzia. Likizo ilipofika nilimwambia bibi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama sauti ile yaweza kurudishwa. Nikamwambia haiwezi.

Basi tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya sumaku na kumbukumbu, na mwalimu wetu wa Fizikia amenisaidia kwa karatasi ambazo nyingine nilizisoma mara nne kabla sijaelewa nusu yake. Maoni nitakayoyatoa hapa yametoka huko. Kama nimekosea, na wakubwa wanisahihishe katika toleo lijalo.

Kwanza kanda yenyewe. Utepe wa kaseti si kitu ila plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Kwa maneno ya nyumbani, ni kutu. Kaseti za namna hii zilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na zile za kawaida zilipakwa oksidi ambayo wanakemia huiandika Fe2O3: atomu mbili za chuma kwa tatu za oksijeni. Kila punje ya unga ule ni sumaku ndogo. Unaporekodi, kichwa cha mashine, ambacho nacho ni sumaku ya umeme, huzipanga punje hizo, hizi zielekee huku na hizi zielekee kule, kwa kufuata mtikisiko wa sauti. Unapoipiga kanda, mashine husoma mpango ule ule na kuurudisha kuwa sauti. Maneno ya babu yalikuwa ni punje zilizopangwa. Sumaku yangu ya spika ilikuja ikaziamuru zote ziifuate yenyewe, nazo zikatii.

Wala si kwetu tu. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilirekodi kwa miaka mingi bendi, kwaya, ngoma na hotuba katika kanda za sumaku, na kanda hizo zimo katika hazina ya TBC. Kompyuta nazo zilipitia njia hiyo hiyo. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine yenye sahani 50 zilizopakwa oksidi ya chuma, kila moja kubwa kama sinia la pilau la shughuli, na zote pamoja zilitunza herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu nzuri yaweza kuijaza mashine ile yote. Simu zenyewe hazitumii kutu, zinafungia elektroni. Lakini picha na barua tunazozipeleka mbali huishia katika majumba makubwa ya kompyuta, ambako diski za sumaku bado zinafanya kazi kubwa.

Sasa naomba msomaji atoke nje pamoja nami. Udongo wetu wa Nanyamba ni mwekundu, kila mzazi aliyefua sare nyeupe anajua. Wekundu ule ni oksidi ya chuma. Mvua ikiisha kunyesha, chukua sumaku ya spika, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uiburute katika mchanga wa mtaroni. Utaona vijipunje vyeusi vimeng'ang'ania mfuko. Hivyo ni magnetiti, nayo ni oksidi ya chuma. Lakini vumbi jekundu halivutwi. Linaangukia pembeni kama halikuitwa. Mimi nilipoliona jambo hili mara ya kwanza nilidhani vumbi jekundu halina usumaku kabisa, nikalidharau.

Kumbe nilikosea, na hapo ndipo kiini cha maoni yangu kilipo. Oksidi nyekundu, iitwayo hematiti, fomula yake ni Fe2O3, sawasawa na ile ya kaseti. Atomu ni zile zile, hesabu ni ile ile. Zilivyopangwa ndivyo vinavyotofautiana. Ndani ya hematiti kila atomu ya chuma ni sumaku kamili. Ila zimepangwa kwa matabaka: tabaka hili linaelekea huku, tabaka linalofuata linaelekea kinyume, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Nguvu zao zinafutana, ikabaki nguvu ndogo mno ambayo mkono hauisikii. Ni kama timu mbili za kuvuta kamba zenye nguvu sawa. Kitambaa cha katikati hakisogei, na mpita njia atadhani hakuna anayevuta.

Mtu aliyeeleza kwanza mpango huu wa sumaku kinyume ni Mfaransa, Louis Néel, katika miaka ya 1930, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Na jambo la kuchekesha ni hili: katika hotuba yake ya kupokea tuzo, mzee yule alisema kwamba vitu vya namna hiyo vinapendeza sana kwa nadharia lakini havielekei kuwa na matumizi yo yote. Kama mwenye jambo mwenyewe alisema hivyo, sisi tulioliacha vumbi mtaroni hatuna lawama kubwa.

Lakini fikirini pamoja nami. Kitu ambacho sumaku haikioni, sumaku haiwezi kukifuta. Kama sauti ya babu ingaliandikwa katika oksidi nyekundu badala ya ile ya kaseti, pete yangu ya spika ingalikaa juu yake miaka kumi bila kudhuru neno moja. Swali lililobaki ni gumu: utaandikaje juu ya kitu kisichotii sumaku, na utakisomaje?

Jibu linalotafutwa sasa linahusu viumbe vidogo vya ajabu ambavyo si vitu hasa. Nitajaribu kueleza kwa lugha yetu. Mtu akisimama ukingoni mwa Ruvuma wakati wa maji mengi huona vizingia, yaani mizunguko ya maji. Kizingia kinazaliwa, kinasafiri, kinakutana na kingine, kinakufa. Unaweza kukihesabu na kukifuata kwa macho. Lakini ukitia ndoo ukasema utakichota, utapata maji tu. Kizingia si kitu, ni namna ya maji kukaa. Ila kinatenda kama kitu. Ndani ya sumaku yako mambo ya namna hiyo. Wanafizikia wanayahesabu kama chembe, wanayapa majina kama chembe, hali wakijua kwamba chembe halisi zilizoko pale ni atomu tu.

La kwanza huitwa magnoni. Mfano wake ni mstari wa asubuhi. Wanafunzi tumesimama wima, kila mmoja mahali pake. Wa mwisho kushoto akiinama kidogo, amguse wa pili, naye ainame, amguse wa tatu, basi kuinama kule kutasafiri mpaka mwisho wa mstari bila mwanafunzi hata mmoja kuacha mahali pake. Atomu za sumaku hufanya hivyo hivyo. Felix Bloch alilieleza wimbi hili mwaka 1930. Faida yake kwetu ni kwamba habari inasafiri bila elektroni kusafiri. Katika waya wa kawaida elektroni zinasukumana njiani na kuleta moto. Ndiyo sababu simu ukiitumia sana inachemka mfukoni, na joto lile ni umeme uliokwisha kupotea. Hematiti safi haipitishi umeme kwa namna ya kuhesabika, na hata hivyo magnoni hupita. Mwaka 2018 kundi la wataalamu kutoka Mainz, Ujerumani, na wenzao, walionyesha kwamba magnoni husafiri katika fuwele ya hematiti makumi ya maikromita, karibu sawa na unene wa unywele. Mtu atacheka kwamba unywele ni umbali gani. Kwa kifaa chenye sehemu za nanomita kumi au ishirini, unywele ni safari ndefu. (Nanomita moja ni mita uliyoigawa mafungu milioni elfu moja.)

La pili huitwa skirmioni, nalo ndilo linalonipendeza zaidi. Jina limetoka kwa Mwingereza Tony Skyrme, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 hakuwa akifikiri juu ya sumaku hata kidogo, bali juu ya kiini cha atomu. Hesabu zake zikaja kufaa kwingine. Skirmioni ni kizingia cha sumaku. Katikati atomu zinaelekea chini, pembeni zinaelekea juu, na kati ya hapo zinageuka kidogo kidogo kwa kuzunguka. Mtazame mwenzako aliyenyolewa karibuni, pale utosini, nywele zinapozunguka. Chana utakavyo, paka mafuta utakavyo, mzunguko ule hauondoki. Utausogeza kidogo, lakini utabaki mzunguko. Kuufuta huna budi kung'oa nywele. Skirmioni nayo ina ukaidi wa namna hiyo, na ukaidi huo ndio unaotamaniwa na watu wa kumbukumbu. Palipo na mzunguko, soma 1. Pasipo na mzunguko, soma 0. Kwa 1 na 0 ndivyo kompyuta zinavyoandika kila kitu, hata gazeti hili.

Nisiwadanganye wasomaji kwa kusema mambo yamekwisha. Mwaka 2009, wataalamu wa Munich walipoziona skirmioni mara ya kwanza ndani ya sumaku, ilikuwa katika madini ya manganisi na silikoni yaliyopozwa hata karibu nyuzi 245 chini ya sifuri. Mwaka 2012 Wajapani waliziona katika oksidi moja ya shaba na seleni, nayo inadai baridi ya nyuzi 215 chini ya sifuri. Mwaka huo huo zilionekana pia katika oksidi ya bariamu na chuma iliyotiwa skandiamu kidogo, ambayo ni ndugu wa karibu wa ile pete nyeusi ya spika yangu. Habari hiyo ilinifanya nicheke peke yangu maktabani. Kuna oksidi nyingine, ya ruthenia, ambayo wataalamu wengine walisema wameona dalili za skirmioni ndani yake, na wengine wakajibu kwamba dalili hizo zaweza kuletwa na sababu nyingine kabisa. Ubishi wao haujesha. Wala hadi leo hakuna duka lo lote duniani linalouza kumbukumbu ya skirmioni. Miaka zaidi ya kumi na mitano ya ahadi si michache.

Hata hivyo, mwaka 2021 watafiti wa Oxford na Singapore walitoa habari kwamba wameona mizunguko ya ukoo huu katika utando mwembamba wa hematiti, mingine ikiwa kama nusu ya skirmioni na mingine imeshikana miwili miwili, na wameiona katika joto la kawaida la chumbani. Hawakuhitaji baridi ya kutisha. Waliizalisha kwa kuupoza na kuupasha utando, wakaitazama kwa eksirei. Ni oksidi ile ile inayotuchafulia soksi.

Basi maoni yangu ni haya. Katika njia zote zinazojaribiwa, mimi ningeweka tumaini katika oksidi, na katika oksidi ningeanza na hii nyekundu, ijapokuwa ndiyo ngumu kuiandika na kuisoma. Haifutwi na sumaku ya jirani. Haipotezi umeme kwa joto, na jambo hilo si dogo kwa watu ambao umeme ukikatika wanasoma prepo kwa tochi. Tena haioksidiki, maana imekwisha kuoksidika. Kutu haiwezi kushikwa na kutu. Wenye njia nyingine wana hoja zao, hasa kwamba madini yanayopitisha umeme ni rahisi zaidi kuyasoma. Ni kweli. Lakini urahisi wa kusoma ndio uliokuwa sifa ya kaseti, na mimi najua mwisho wake.

Nilipoyasema haya bwenini, mwenzangu mmoja aliniuliza, "Wewe utakula hiyo skirmioni?" Wote tulicheka. Mwingine akasema jambo zito zaidi: kama udongo wetu una thamani hiyo, si tungoje tu waje waununue? Wazo hili nalisikia hata kwa watu wazima. Liganga, wilaya ya Ludewa, kuna mawe mengi ya magnetiti yenye titani na vanadi, na kwa miaka mingi limezungumzwa jambo la reli ya kuyafikisha bandari ya Mtwara. Chuma cha kujengea kitauzwa kwa tani, sawa. Kumbukumbu haiuzwi kwa tani.

Nilifanya hesabu hii, na yeyote aliye na kalamu aweza kuihakikisha. Darasa letu lina mita 8 kwa 7, yaani mita 56 za mraba. Tuseme nataka kuipaka sakafu yote utando wa hematiti wenye unene wa nanomita 10. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 0.56. Hematiti ina uzito wa gramu 5.3 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Jibu ni gramu 3, chini ya kijiko cha chai. Kijiko hicho kimoja, kwa skirmioni za nanomita mia moja, kingetosha kuandika vitabu vyote vya maktaba yetu mara nyingi nisizotaka kuzihesabu. Nani atakuja Nanyamba na meli kununua kijiko cha vumbi? Vumbi analo kwao. Kinachonunuliwa ni kujua namna ya kulipanga.

Na hapa nafika kwa wadogo zangu ambao saa yao ya kuchagua masomo inakaribia. Sisi tulipochagua, zaidi ya nusu ya mkondo wetu waliiacha Fizikia. Sababu zao nazijua, maana tuliishi pamoja: hesabu nyingi, vifaa vichache, na lile neno kwamba Fizikia ni ya shule za mjini. Sababu ya kwanza ni ya kweli, ya pili ni ya kweli, ya tatu si ya kweli hata kidogo. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Kidato cha Tatu wa shule ya Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba, alitia maziwa ya moto katika jokofu akitengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliuliza sababu, akachekwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza tena Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wenzake wakacheka tena. Lakini Osborne alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 majina yao wote wawili yakatoka katika jarida la Fizikia. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama jambo lile ni kweli au la. Ubishi wa dunia nzima umetoka katika jokofu la shule ya bweni. Mpemba hakuwa na eksirei za Oxford.

Nasi hatunazo. Tunazo spika mbovu. Nawaomba walimu, kwa heshima, waturuhusu alasiri moja ya wiki kukusanya spika na redio zilizokufa kabla hazijauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tukazifungua, tukapima ni mchanga wa mtaro upi wenye punje nyeusi nyingi na upi hauna, na kwa nini. Kazi hiyo haihitaji fedha. Inahitaji mizani, mifuko ya plastiki na daftari. Mimi nitakuwa nimekwisha kufanya mtihani wa Novemba na kuondoka, lakini daftari langu la vipimo vya mtaro wa nyuma ya bweni nitaliacha kwa mwalimu wa Fizikia. Lina vipimo kumi na viwili, na viwili kati ya hivyo naviona vina makosa; nimevipigia mstari.

Kwa wazazi nina ombi tofauti. Skirmioni huenda zikachelewa, na kaseti zinakufa sasa. Hata isiyowekewa sumaku inazeeka: gundi inayoshika ile kutu inalegea, unga unadondoka, na kila unapoipiga inapungua kidogo. Najua katika nyumba nyingi za hapa ziko kanda za harusi, za unyago, za mawaidha, za wazee waliokwisha kutangulia. Klabu yetu inayo redio kaseti moja inayofanya kazi, na waya wa kuiunganisha na kompyuta ya shule. Siku ya kutembelea wanafunzi tutakaa darasa la kwanza kutoka getini, tunakili sauti bila malipo, na kanda mtaondoka nayo siku hiyo hiyo. Bibi yangu ameahidi kuja na ile ya kwetu, kwa sababu maneno mawili matatu ya mwanzo bado yamo, na lile la uji nadhani nimelisikia tena likizo iliyopita nilipoongeza sauti.

Mtakaoleta, tafadhali zifungeni kwa kitambaa, na msizitie mfuko mmoja na redio.